Kabla ya Kulipia Cheti cha Usimamizi wa Miradi

Mhitimu wa diploma kutoka Nyalenda anayetafuta kazi hukutana na mstari mmoja mara kwa mara katika matangazo ya mashirika yasiyo ya serikali na kampuni za teknolojia: mwombaji awe na ujuzi wa kusimamia miradi kwa njia ya ajaili, na mwenye cheti atapewa nafasi ya kwanza. Akitafuta mtandaoni maana ya neno hilo, haipiti dakika tano kabla simu yake haijajaa matangazo mengine. Kozi ya siku mbili. Cheti cha kimataifa. Lipa leo kwa M-Pesa upate punguzo.

Hapo ndipo familia huanza kuhesabu. Ada ya kozi moja inaweza kuwa kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, au mkopo ambao mama atauomba kwenye chama na kuulipa kwa kuuza omena hadi mwaka ujao. Kabla fedha hizo hazijatoka, ni vyema anayelipa na anayelipiwa wajue vyeti hivi ni nini, nani ana mamlaka ya kuvitoa, vinagharimu kiasi gani, na ni sehemu gani ya gharama hiyo inayoweza kuepukwa kabisa.

Ajaili ni nini

Neno lenyewe kwa Kiingereza lina maana ya wepesi wa kugeuka. Katika usimamizi wa miradi ni namna ya kufanya kazi kwa vipande vifupi, kila kipande kikimfikia mtumiaji ili aseme kinafaa au hakifai, kabla ya kipande kinachofuata kuanza.

Chukua mfano wa kikundi cha vijana wa wadi ya Nyalenda B wanaotaka kutengeneza programu ya simu ya kuwapa wavuvi wa Dunga bei ya samaki katika masoko mbalimbali. Kwa njia ya kawaida wangeandika mpango mzima, waombe fedha, wakae miezi minane wakiandika programu, kisha waende ufuoni kuizindua. Siku ya uzinduzi wangegundua kwamba wavuvi wengi huenda ziwani na simu za kabambe zisizoweza kufungua programu yoyote, wakiacha simu kubwa nyumbani zisilowe maji. Miezi minane imepotea, na mfadhili ameshafunga faili.

Kwa njia ya ajaili, kikundi hicho hicho kingejipa wiki mbili. Katika wiki hizo kingetengeneza kitu kidogo sana, pengine orodha ya bei tatu tu, na kuwapelekea wavuvi kumi. Jambo la kabambe lingejulikana wiki ya pili, si mwezi wa nane. Wiki mbili zinazofuata zingetumika kutengeneza huduma ya ujumbe mfupi badala ya programu. Hakuna uchawi hapa. Makosa yale yale hufanyika, ila hufanyika mapema, wakati bado ni rahisi kuyarekebisha.

Wakazi wa Nyalenda wameshaona kitu kinachokaribiana na hicho bila kukiita jina lolote. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, kampuni ya maji ya KIWASCO ilianza hapa mpango wa kuuza maji kwa jumla kwa vikundi na watu binafsi wa mtaani, ambao nao huyasambaza kwa mabomba hadi kwenye nyumba na vioski, wasome mita na kukusanya malipo. Mpango huo ulianza na sehemu chache, mambo yakaonekana, ndipo ukapanuliwa. Mhandisi hawezi kuuita mradi wa ajaili, wala haukuwa, lakini wazo la kuanza na kipande na kujifunza kutoka kwa mtumiaji ni lile lile.

Chimbuko lake ni viwanda na kompyuta. Mwaka 1986 wasomi wawili Wajapani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika katika jarida la Harvard Business Review kwamba kampuni zinazobuni bidhaa haraka hufanya kazi kama timu ya raga inayosogea uwanjani pamoja, si kama wakimbiaji wa kupokezana kijiti. Kutoka hapo likachukuliwa jina la Scrum, ule msongamano wa wachezaji waliokumbatiana wakigombea mpira, ambao wanaokwenda Mamboleo kutazama Dala Sevens wanaufahamu vizuri. Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliiwasilisha Scrum hadharani mwaka 1995 kama njia ya kutengeneza programu za kompyuta. Februari 2001 wataalamu 17, wao wawili wakiwemo, walikutana Snowbird katika jimbo la Utah, Marekani, wakakubaliana juu ya tamko fupi lililoipa harakati nzima jina la ajaili.

Scrum ndiyo inayofundishwa zaidi, na mtu anaweza kuielewa kwa jioni moja. Timu huwa ya watu kumi au pungufu. Mmoja wao ndiye mwenye bidhaa: anaamua kipi kifanywe kwanza. Mwingine, anayeitwa Scrum Master, si bosi. Kazi yake ni kuhakikisha timu inafuata utaratibu na vikwazo vinaondolewa. Waliobaki ndio watengenezaji. Kazi hugawanywa katika vipindi visivyozidi mwezi mmoja, vinavyoitwa sprinti. Kila siku timu hukutana kwa dakika 15, si zaidi, kuangalia kama inaelekea kwenye lengo. Mwisho wa sprinti kazi huonyeshwa kwa wanaohusika, kisha timu hukaa peke yake kujiuliza namna ya kufanya vizuri zaidi. Mwongozo rasmi wa Scrum, toleo la 2020, una kurasa 13 na unapatikana bila malipo. Anayeuza mwongozo huo kwa shilingi elfu mbili anauza kitu kinachotolewa bure.

Si kila mradi unaofaa kufanywa hivi. Daraja haliwezi kufunguliwa robo ili wapita njia watoe maoni. Hata miradi ya serikali ya kaunti hufungwa na kalenda ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012: mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kabla ya Septemba 1, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Zabuni nayo ikishatolewa, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 huweka mipaka, na marekebisho yote ya kandarasi kwa jumla hayaruhusiwi kuongeza bei kwa zaidi ya asilimia 25. Mipaka hiyo iliwekwa kulinda fedha za mlipa kodi, na ni wazi kwamba haiendani vyema na timu inayobadilisha mawazo kila wiki mbili. Kijana anayesoma ajaili kwa matumaini ya kusimamia ujenzi wa barabara atajikuta amesoma somo la jirani. Ajaili ina nafasi yake katika programu za kompyuta, mifumo ya malipo, huduma mpya za afya na kilimo zinazojaribiwa, na miradi ya mashirika ambayo haijulikani mwanzoni itaishia wapi.

Vyeti na wanaovitoa

Hakuna chombo kimoja duniani chenye mamlaka juu ya vyeti vya ajaili. Kila taasisi hutoa chake, na hapa ndipo mkanganyiko mwingi hutokea.

Kwa Scrum, vyeti viwili ndivyo vinavyotajwa zaidi. Cha kwanza, CSM, hutolewa na Scrum Alliance. Huwezi kukipata bila kuhudhuria kozi ya mkufunzi aliyeidhinishwa na taasisi hiyo, na bei ya kozi huamuliwa na mkufunzi mwenyewe, ndiyo maana hutofautiana sana. Baada ya kozi kuna mtihani wa maswali 50, na anayepata 37 amefaulu. Cheti hudumu miaka miwili. Kukihuisha kunahitaji dola 100 na ushahidi kwamba umeendelea kujifunza. Gharama hiyo ya baadaye haitajwi kwa sauti kubwa kwenye matangazo.

Cha pili ni PSM I, kinachotolewa na Scrum.org, taasisi iliyoanzishwa na Ken Schwaber mwaka 2009. Hiki hakihitaji kozi yoyote. Mtu hulipia mtihani tu, dola 200 kwa jaribio moja, ambazo kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola ni karibu shilingi 26,000. Maswali ni 80 kwa dakika 60, na alama ya kufaulu ni asilimia 85. Cheti hakiishi muda. Kwa mtu wa Nyalenda mwenye nidhamu ya kusoma peke yake, tofauti kati ya vyeti hivi viwili ni kubwa kifedha, ingawa waajiri wengi huvitaja pamoja kana kwamba ni kimoja. Asilimia 85 lakini si alama ya mchezo, na anayeshindwa hulipa upya.

Taasisi ya PMI ya Marekani, iliyoanzishwa 1969, ina vyeti vyake. Maarufu zaidi ni PMP, ambacho tangu Januari 2021 karibu nusu ya maswali yake yanahusu ajaili au mchanganyiko wa ajaili na njia ya kawaida. PMP si cheti cha anayeanza. Mwenye shahada ya miaka minne anatakiwa kuonyesha miezi 36 ya kuongoza miradi. Mwenye diploma au cheti cha sekondari, miezi 60. Juu ya hapo kuna saa 35 za mafunzo. Mtu aliyemaliza chuo mwaka jana anaweza kulipia darasa la PMP na kulihudhuria hadi mwisho, kisha akazuiwa mlangoni mwa mtihani wenyewe kwa kukosa uzoefu. Darasa halikumdanganya lazima. Pengine hakuuliza, nao hawakumwambia.

Kwa anayeanza, PMI ina CAPM. Hiki hakidai uzoefu wa kazi. Kinadai elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo ya usimamizi wa miradi, ambazo zinaweza kupatikana mtandaoni. Mtihani una maswali 150 kwa saa tatu, na asilimia 20 yake ni ajaili, kwa hiyo humpa mtu msingi mpana kuliko Scrum peke yake.

Anayelenga mashirika ya misaada, na Kisumu yako mengi, afikirie pia PMD Pro ya PM4NGOs. Imetungwa kwa ajili ya miradi ya maendeleo, ikizungumzia wafadhili, jamii na tathmini, na mwongozo wake hupatikana bila malipo. Katika mahojiano ya kazi ya mradi wa maji au wa afya, mtu anayejua kueleza mradi huo utakabidhiwaje kwa jamii ana la kusema zaidi ya yule aliyekariri majina ya mikutano ya Scrum.

Vyeti hivi vyote ni vya kitaaluma vya taasisi binafsi za nje. Havichukui nafasi ya diploma wala shahada pale tangazo la kazi linapozitaka. Vyeti vya masomo vya humu nchini vina mfumo wake: Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Masomo, KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, ndiyo hulinganisha na kutambua sifa za nje, na TVETA ndiyo husajili taasisi za mafunzo ya kiufundi. Chuo kinachodai kutoa diploma ya usimamizi wa miradi hapa Kisumu hakina budi kuwa na usajili unaoweza kukaguliwa. Orodha ya vyuo vilivyosajiliwa iko kwenye tovuti ya TVETA, na kuitazama hakulipiwi.

Mahali fedha hupotelea

Njia ya kawaida ya kupoteza fedha haihusishi wizi wowote wa wazi. Mtu hulipa, huhudhuria siku mbili katika ukumbi wa hoteli, hula chakula cha mchana, na jioni ya pili hukabidhiwa karatasi yenye muhuri wa dhahabu. Karatasi hiyo ni cheti cha kuhudhuria. Mtihani wenyewe hakuufanya, kwa sababu ada ya mtihani haikuwa ndani ya bei, na hilo liliandikwa kwa herufi ndogo chini ya tangazo. Anagundua ukweli mwajiri anapomwomba namba ya cheti.

Namba hiyo ndiyo kipimo. Scrum Alliance, Scrum.org na PMI, kila moja ina njia ya mtandaoni ambayo mwajiri hutumia kuthibitisha kwamba jina fulani lina cheti fulani. Anayeuza mafunzo aulizwe waziwazi, tena kwa maandishi, ujumbe wa WhatsApp unatosha: nitatokea kwenye orodha ya taasisi gani, ada ya mtihani imo, na nikishindwa mara ya kwanza nani analipia ya pili? Mkufunzi wa kweli hujibu maswali hayo kwa dakika mbili. Anayeanza kusema kwamba cheti chake kinatambulika duniani kote bila kutaja taasisi hata moja ameshajibu pia. Kwa CSM jambo ni rahisi zaidi, kwani majina ya wakufunzi walioidhinishwa yameorodheshwa kwenye tovuti ya Scrum Alliance.

Wapo pia wanaojitolea kumfanyia mtu mtihani, au kuuza majibu. Taasisi hizi hufuta vyeti vilivyopatikana hivyo. Kwa anayetarajia kazi ya umma, hatari ni kubwa zaidi: Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uchunguzi wake ulikuta vyeti ghushi zaidi ya 2,000 katika taasisi za serikali, na majina yakapelekwa kwa vyombo vya uchunguzi. Wengi walikuwa wameshafanya kazi miaka mingi. Mtu katika hali hiyo hudaiwa hata mishahara aliyokwisha kula.

Kujiandaa bila kukopa

Njia ya bei nafuu huanza na mwongozo wa Scrum wenyewe, usomwe mara kadhaa, kwani maswali ya PSM I hutegemea maneno yake kwa ukaribu ambao huwashangaza wengi. Tovuti ya Scrum.org ina jaribio la bure la maswali 30, na mtu anaweza kulirudia apendavyo. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kutolipia mtihani mpaka upate alama zote katika jaribio hilo mara kadhaa mfululizo, tena ukijua kwa nini kila jibu ni sahihi. Anayekosa intaneti ya kutegemewa anaweza kupakua kurasa hizo 13 kwa bando la siku moja, au saiba, na kuzisoma kwenye maktaba ya umma mjini.

Kusoma peke yake kuna upungufu wake. Ajaili ni kazi ya timu, na mwajiri atauliza, umewahi kuifanya wapi? Jijini kuna LakeHub na shule ya programu ya Zone01 Kisumu, ambako wanafunzi hujifunza kwa kufanya miradi na kukaguana kazi, bila mwalimu mbele ya darasa. Kuna Chuo Kikuu cha Maseno na Kisumu National Polytechnic. Lakini si lazima mtu aingie taasisi ili apate pa kujaribia. Kikundi cha vijana kinachokusanya taka Nyalenda A kinaweza kupanga kazi ya wiki mbili kwenye ubao: upande mmoja karatasi za kazi zinazosubiri, katikati zinazofanywa, upande wa mwisho zilizokamilika. Ubao huo unaitwa Kanban, na ulitokana na viwanda vya Toyota nchini Japani. Kila asubuhi watu husimama mbele yake dakika 15 kabla ya kushika mikokoteni. Baada ya miezi mitatu kikundi kitakuwa na rekodi ya nini kilicheleweshwa na kwa sababu gani, na katibu wake atakuwa na jambo la kweli la kueleza kwenye mahojiano. Karatasi za rangi na kalamu ya wino mzito ndizo gharama zote.

Siku ya mtihani nayo ina mambo yake. PSM I hufanyiwa mtandaoni popote mtu alipo, na saa ikianza kuhesabu haisimami umeme ukikatika. Dakika 60 kwa maswali 80 ni chini ya dakika moja kwa swali. Kwa hiyo mtahiniwa wa Nyalenda aangalie kwanza notisi za Kenya Power za kukatwa umeme kwa matengenezo, achaji kompyuta mpaka ijae, na awe na simu ya pili yenye bando la mtandao tofauti. Saa za alfajiri, kabla saiba na nyumba za jirani hazijaamka, mtandao huwa mwepesi zaidi. Neno la siri la mtihani haliishi muda, kwa hiyo aliyelipa Januari anaweza kungoja hadi Machi kama bado hajawa tayari, au kama wiki hiyo mvua imeingia ndani ya nyumba.

Matokeo huonekana papo hapo. Aliyefaulu ataona jina lake kwenye orodha ya Scrum.org, na kiungo cha ukurasa huo ndicho cha kuweka kwenye wasifu wa kazi, badala ya picha ya cheti.